Review yangu ya sinema ya ndoto ilivyomhamisha Ndahani bwenini

Wakuu, heshima kwenu. Haya ni ya kweli tupu na mwenye kosa ni mimi. Mtakaotukana, tukaneni kwa nafasi.

Ni miaka ile deki za video zimeanza kumiminika nchini. Nilikuwa chuoni Dodoma, Jumamosi mchana tunajazana kwenye kibanda cha video pale Kikuyu. Nikirudi naandika review kwenye karatasi ya manila, nabandika ubao wa matangazo. Nilikuwa na mdomo mchafu, watu wakapenda. Nikajiona bingwa.

Siku hiyo wakaweka sinema ya wataalamu wanaoingia kwenye ndoto za watu. Jamaa amekwama ndotoni, wenzake wanamfuata humo humo kumtoa.

Nusu ya ukumbi wakazomea, wao walitaka ngumi.

Ndahani aliikodolea macho mpaka mwisho. Huyu alikuwa mtu wa Mvumi, bwenini yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Njiani akaniuliza taratibu:

"Hivi kaka, inawezekana kweli mtu akaingia akakutoa?"

"Wewe nawe! Si sinema tu ile?"

Nilijua anapiga kelele usingizini. Sikuwahi kumuuliza anaota nini, nilivuta shuka tu.

Basi nikaandika: "Sinema ya kipuuzi. Imemfaa Ndahani peke yake, anayesubiri wataalamu waje wamtoe ndotoni, maana usiku analia kama mtoto."

Loh! Chuo kizima kilicheka. Wakambatiza jina, Mgonjwa wa Ndoto. Mimi napewa mikono.

Hakunisemesha tena. Akahamia kwa mjomba wake Ihumwa, asubuhi anakuja na baiskeli, macho mekundu, anasinzia darasani. Nikasema amenuna tu, atazoea. Ujinga wangu huo.

Wiki ya tatu alisinzia akiwa juu ya baiskeli, barabarani. Lori likampitia.

Tulimzika Mvumi. Mama yake ndiye aliyenisimulia. Utotoni Ndahani alikuwa anavuka korongo na mdogo wake, maji yakaja ghafla, mkono wa mdogo wake ukamponyoka, mtoto akasombwa. Tangu hapo akilala anamsikia anamwita.

"Hapa nyumbani nilikuwa namwamsha mimi," akasema. "Nikimgusa bega tu, inaisha. Huko chuoni nani alikuwa anamwamsha, mwanangu?"

Wakuu, nilishindwa kusema ukweli.

Nikasema, "Mimi, mama."

Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru mbele ya watu.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Funzo ni hilo: mtu akikuuliza jambo kwa sauti ya chini, usilipeleke ubaoni.

Yule mama bado yupo, mzee sana sasa. Kila nikienda kumpa shikamoo huwaita wajukuu: njooni mumwone aliyekuwa anamwamsha baba yenu mdogo.

Nimwambie ukweli, au nimwache afe na huo uongo? Semeni wakuu, hata kwa ukali.