Sahani ya Jirani na Programu Isiyokubali

Kwenye chama cha kompyuta cha shule yetu, asiyesimama mbele kuonyesha kitu anampisha mwenzake kiti. Mimi nilikuwa sijasimama kamwe. Nikiitwa, hata "naam" hunikwama kooni. Kwa hiyo jioni ya kuamkia zamu yangu nilikaa jikoni kwetu mtaani Kuze na kompyuta ya chama, nikaiandikia programu ya aljebra jambo jepesi kabisa: je, 2x ni kubwa kuliko x?

Ikanijibu: 2x > x.

Nikauliza tena. Ikanirudishia swali langu vile vile.

"Yasemaje?" Nyanya aliuliza. Alikuwa akipanga sambusa kwenye sahani ya jirani, ile iliyokuja jana na kaimati.

"Haijui x ni nini, mpaka niiambie. Tuseme x ni kaimati za jirani, nawe wamrudishia sambusa mara mbili yake. Zako si nyingi zaidi?"

"Nyingi! Kwani mimi bahili?"

"Sasa tuseme alileta sahani tupu..."

Sambusa ikamponyoka. "Nani kasema?"

"Hakuna, Nyanya, ni mfano tu..."

"Maskini mtu wa watu, hajaleta sahani tupu tangu nimjue, leo wamzulia! Ngoja nikamuulize mwenyewe."

Akatwaa leso msumarini, akajitanda. Nikamkingia mlango, kompyuta kwapani.

"Basi nafuta! x si sifuri! Haiwezi kuwa sifuri!"

"Andika nione."

Nikaandika kwamba x ni chanya, nikauliza tena. Programu ikajibu papo hapo: kweli. Nyanya akairudisha leso. "Angalau hiyo ina adabu."

Kesho yake nikaonyesha. Mwalimu akauliza, "Na x ikiwa sifuri?"

Wenzangu wote wakanigeukia.

"Haiwezi, mwalimu," nikaisikia sauti yangu. "Nyanya amekataza."

Walicheka wakapiga meza. Ajabu, koo likafunguka. Nikasimulia yote, sahani, leso, mlango, huku naandika: x ni sifuri au zaidi. Programu ikanirudishia lile swali la kwanza, maana sifuri mara mbili ni sifuri ile ile. Nikauliza basi kama 2x ni kubwa kuliko x au sawa nayo. Kweli.

"Kaa," mwalimu akasema, akifuta machozi. "Kiti ni chako."

Nyumbani Nyanya akataka kujua kama x imebaki na heshima yake. Nikasema ndiyo. Ile ya sifuri sikuitaja. Leso ilikuwa pale pale msumarini, karibu na mlango.