Kifaru cha Lyle Wachowiak

Kila Ijumaa jioni, kwa miaka kumi na minne, Lyle Wachowiak alisaini kitabu cha wageni kwenye Ukumbi wa Askari wa Zamani wa Bremmer kama mtu aliyeshuka kwenye basi dakika ile ile akitafuta njia ya kwenda Kanada. Alizaliwa mtaa wa pili kutoka hapo. Ukuta wa ukumbi alipaka rangi yeye. Vyoo vya wanaume vilikuwa viwili, na kile kisichovuja alikitengeneza yeye. Lakini kanuni za ukumbi zilikataza katakata: mwanachama ni mtu aliyeachishwa jeshi kwa heshima. Cheti cha Lyle, kilicholala kwenye droo chini ya soksi za sufu, kilisema aliachishwa mwaka 1986 kwa namna isiyo ya heshima.

Basi alisaini, na chini yake akasaini shemeji yake Dale, aliyekuwa mwanachama na alipenda ijulikane.

"Mgeni wetu anatokea wapi?" Dale huuliza.

"Nyumbani kwa dada yako."

"Pole sana. Kule chakula kibaya."

Wakacheka, wakaingia, wakaagiza brandi na samaki wa kukaanga. Jimbo zima la Wisconsin hula samaki wa kukaanga siku ya Ijumaa, Mkatoliki na Mlutheri, na hata yule daktari wa meno asiyeamini chochote.

Mtu angedhani aibu ya cheti kile ingemfanya Lyle akae kona ya mwisho. Wapi! Lyle ndiye aliyekuwa sultani wa baa, kwa sababu alikuwa na kisa. Mwaka 1987, alipokisimulia mara ya kwanza, kisa kilikuwa na gari dogo la jeshi na mwendo wa kasi kidogo huko Ujerumani. Mwaka 1989 gari likawa kifaru. Mwaka 1992 kifaru kikapanda juu ya gari la jenerali. Mwaka 1995 kikapita katikati ya kiwanda cha bia, kikaingilia ukuta huu na kutokea ule. Kufikia mwaka 2000 jenerali mwenyewe alikuwa akikikimbiza akiwa na pajama, helikopta tatu zikimfuata, na Lyle akampungia mkono kutoka juu kama malkia. Kila mwaka alitia chumvi kijiko kimoja, na hakuna aliyelalamika kuwa chakula kimeharibika.

Mambo yalibadilika mwezi wa Oktoba, magoti ya Orville yalipogoma. Orville alikuwa mkaangaji mkuu tangu enzi za mafuta ya nguruwe. Sasa alitaka kukabidhi aproni na ufunguo wa jiko, na kila mtu alijua nani anajua kukaanga. Mara mbili Orville alipougua, Lyle aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma akakoroga unga wake na bia kwa namna yake, na watu wakala samaki wakinyamaza kama wako kanisani. Kanuni, hata hivyo, zilisema ufunguo wa jiko hushikwa na mwanachama. Mwanachama pekee aliyejitokeza ni Virgil Knutson. Samaki wa Virgil ukimkamua unapata maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

"Kwaresima ikifika na aproni iko kwa Virgil," alisema Joyce, mke wa Lyle, "mimi nabadili dini. Nenda kaombe hicho cheti kibadilishwe."

"Watacheka, Joyce."

"Miaka kumi na minne wanacheka. Nenda!"

Ofisi ya kuwasaidia askari wa zamani ilikuwa chini ya mahakama ya wilaya, jirani na tanuri la kupashia jengo joto, na ndani yake alikaa Marlys Haugen, aliyekuwa karani wa jeshi miaka ishirini na hakuvutiwa tena na kitu chochote duniani. Aliagiza faili la Lyle, likaja, akalisoma mbele yake. Ukurasa wa pili akavua miwani.

"Lyle. Hapa pameandikwa ulikuwa dobi."

"Punguza sauti!"

"Tuko wawili tu. Dobi, kikosi cha kufua. Kifaru kiko wapi?"

Lyle akaangalia viatu vyake. "Hakuna kifaru."

"Helikopta?"

"Marlys, tafadhali."

"Mimi hiki kisa nimekisimulia kwenye harusi ya mpwa wangu," alisema Marlys, akavaa miwani tena. "Haya. Nisikilize. Ukiomba ndani ya miaka kumi na mitano tangu uachishwe, unasikilizwa ana kwa ana. Yako inaisha mwakani. Baraza la maofisa watano watakaa Chicago mwezi wa Januari. Hawataki shujaa. Wanataka mtu aliyekosa, akajuta, akatulia. Andika ukweli wote kwa mkono wako. Halafu tafuta watu waandike barua kwamba wanakujua na una tabia njema. Uniletee nizisome kwanza. Umesikia? Kwanza."

Ukweli Lyle aliuandika, usiku mmoja na nusu chupa ya brandi. Barua aliziacha mikononi mwa Dale. Ndilo kosa lake la pili maishani kwa ukubwa. Dale alikusanya barua kumi na moja, akazitia kwenye bahasha, akailamba, na kwa sababu Marlys alikuwa ameenda kula chakula cha mchana, akaipeleka posta mwenyewe ili kuokoa muda.

Siku ya siku, walishuka Chicago watu wanne kwenye gari la Dale: Lyle aliyevaa suti yake ya mazishi, Marlys mwenye faili, Dale, na mzee Harold Bjorklund, shahidi, aliyekula jibini njia nzima. Maofisa watano walikaa nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti, Kanali Threadgill, alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya upole, ile sauti ya watu wasiowahi kuhitaji kuipandisha.

"Bwana Wachowiak," alianza, "maelezo yako nimeyasoma. Nimesoma na barua za mashahidi wako. Ningependa unisaidie kidogo."

"Ndiyo, afande."

Kanali akainua karatasi. "Bwana Harold Bjorklund anaandika: 'Lyle ni mtu mwenye huruma. Hata alipopitisha kifaru juu ya gari la jenerali, alihakikisha kwanza kwamba jenerali hayumo ndani.'"

Harold akaitikia kwa kichwa, kwa fahari.

"Mchungaji wa Kilutheri anaandika: 'Tangu arudi Bremmer, hajaiba kifaru kingine chochote.'" Kanali akageuza karatasi. "Na mtu aitwaye Orville anasema kiwanda cha bia kimeshamsamehe."

Meja aliyekaa kushoto alikuwa akipekua faili kwa vidole vya mtu aliyepoteza pasipoti. "Afande, mimi sina kifaru hapa. Nina lori la nguo chafu. Kuna kifaru hatujakihesabu?"

Marlys alifumba macho. Kijasho chembamba kikamtoka Lyle chini ya tai. Aliweza kuona mlango, aliweza kuona Dale kifua mbele kama jogoo, na aliweza kuona, kwa mbali, aproni ya Orville ikimfunga Virgil kiunoni.

"Afande," alisema, "naomba hawa mashahidi watoke nje kidogo."

"Mashahidi wako?"

"Ndiyo, hao hao."

"Nitoke?" Dale akaruka juu. "Afande, naapa mbele ya Mungu, kifaru kilikuwepo! Nimekisikia kwa masikio yangu kila Ijumaa miaka kumi na minne! Mwambie, Lyle. Usiogope! Mwambie na jenerali alivyokimbia na pajama!"

"Keti, bwana," alisema Kanali kwa upole, na Dale akajikuta amekaa. "Bwana Wachowiak, umeapa. Kifaru kilikuwepo?"

Lyle akalegeza tai.

"Hapana, afande," alisema Lyle. "Nilikuwa dobi."

Dale alitoa sauti ya puto lililokanyagwa.

Basi Lyle akamwaga yote, na kwa mara ya kwanza bila chumvi. Mwezi wa Septemba mwaka 1986, kusini mwa Ujerumani, alitumwa na lori kupeleka nguo za maofisa kufuliwa. Alisimama juu ya kilima kununua soseji. Breki ya mkono hakuivuta. Lori likaondoka peke yake, taratibu na kwa adabu, likateremka kilima chote, likaingia kwenye bwawa la samaki la mjane mmoja aitwaye Kunigunda. Magunia yakafunguka. Chupi mia mbili na arobaini za maofisa wa Marekani zikaelea juu ya maji kama maua, na Lyle, akiwa bado na soseji mkononi, akakimbilia ghalani akajifukia kwenye nyasi.

"Yule mama akanikuta asubuhi," alisema. "Hakupiga kelele, hakuita polisi. Akanipa ndoo na sabuni."

"Ukafua?"

"Zote, afande. Kwa mkono. Nikazianika kwenye kamba zake, za kanali mbele, kwa vyeo."

"Umeandikwa mtoro siku kumi na nane," alisema meja. "Kambi ilikuwa umbali wa kilomita sita. Mbona hukurudi?"

"Zilikuwa mbichi, afande."

"Siku kumi na nane?"

"Mvua ilinyesha mfululizo. Nikasema siwezi kurudi na chupi za watu zina maji. Na nilimwogopa sajini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Zilipokauka nikazipiga pasi, nikarudi mwenyewe, nazo kwenye mkokoteni wa nyasi. Zilipungua moja tu. Ya kanali. Bi. Kunigunda aliivalisha sanamu la kufukuza ndege na akakataa kuirudisha."

Meja akainama chini ya meza kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alikaa huko chini muda mrefu, mabega yakitikisika.

"Na jioni za siku hizo ulikuwa ukifanya nini?" aliuliza Kanali, akitazama dari kwa bidii.

"Bi. Kunigunda alikuwa akinifundisha kukaanga, afande. Samaki wa bwawani, unga na bia. Bia iwe baridi, na usikoroge mpaka mabonge yaishe. Yaache." Hapo Lyle akasahau kuogopa. "Mimi sikuja kutafuta sifa. Kule kwetu kuna jiko, na ufunguo wake nataka nishike mimi. Nilikosa. Breki sikuvuta, nikatoroka. Na kifaru nilikitunga kwa sababu nani atamnunulia dobi kinywaji?"

Safari ya kurudi ilichukua saa nne. Karibu na mpaka wa jimbo Harold aliuliza, "Hata helikopta moja?"

"Hata moja, Harold."

"Basi."

Barua ilikuja wiki tatu baadaye. Kura nne kwa moja: cheti kimepandishwa, sasa ni cha heshima, ya daraja la pili lakini heshima, na kwa kanuni za ukumbi inatosha. Joyce alilia kidogo kisha akakitia kwenye fremu iliyokuwa na picha ya mama yake Lyle. Lakini uanachama ulihitaji sahihi ya mdhamini, yule aliyekusainia ulipokuwa mgeni, na katika kitabu kizima hapakuwa na jina lingine ila la Dale. Dale hakuwa amesema naye tangu Chicago. Alikuwa amekisimulia kifaru kile kazini, kwa wakwe, na kwa fundi aliyemtengenezea paa.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima Lyle alikwenda ukumbini na cheti, fremu na yote, chini ya koti, na fomu ya uanachama mfukoni. Mlangoni akasimama mbele ya kitabu cha wageni. Ndani alimwona Virgil kwenye dirisha la jiko, na aproni. Dale alikaa baa, mgongo kwa mlango.

"Dobi huyo!" mtu akapaza sauti.

"Wewe Lyle," akasema Orville kutoka kwenye kiti chake, magoti yamefungwa bandeji, "ile bia niliyokunywesha ya kifaru, naomba uiteme."

Ukumbi ukacheka. Dale hakugeuka. Sahani yake ikaletwa. Akamshika samaki wa Virgil kwa vidole viwili, akauma, na maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko, yakaingia ndani ya mkono wa shati. Akatafuna. Akatafuna tena. Akamtazama Virgil, akatazama kalenda ya ukutani, akahesabu kwa vidole Ijumaa zilizobaki mpaka Pasaka. Kisha akashuka kwenye kiti, akaja mpaka mlangoni, akanyoosha mkono bila kumtazama shemeji yake.

"Lete hiyo fomu."

"Dale, samahani kwa..."

"Nasaini kwa ajili ya samaki. Kwa kifaru sijakusamehe." Akasaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. "Nilikipenda kile kifaru."

Virgil alivua aproni kabla hajaombwa. Ilionekana kama mzigo umemshuka. Baadaye alikiri hapendi hata kula samaki. Lyle aliifunga kiunoni, akamwaga unga wote wa Virgil kwenye sinki, akafungua bia baridi, akaanza upya. Mabonge akayaacha.

Mafuta yalipoanza kuimba, kupitia dirishani alimsikia Dale baa, amezungukwa na watu, glasi juu.

"Malori matatu, bwana! Matatu! Yanateremka kilima, chupi elfu tano, za majenerali watupu, na huyu shemeji yangu yuko juu ya lori la mbele na soseji mdomoni..."

Lyle akatoa kichwa dirishani. "Mia mbili na arobaini, Dale!"

"Wewe kaanga!"