Siku Niliyotaka Kuzama

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla wenzangu hawajanitangaza. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Segese, na muhula mzima nimekuwa nikijiuliza nisomee uzamili wa nini: mitaala au utawala wa elimu? Juzi mkuu wa shule akaja ofisini kwetu na mzee mmoja mpole.

“Huyu amezama miaka mingi,” akasema.

Kuzama, uzamili! Nikajua nimempata msomi.

“Shikamoo, mzee. Na mimi nataka kuzama. Nianzie wapi?”

“Marahaba. Kagua kamba, angalia hewa, na usizame bila msimamizi.”

Wasomi na mafumbo yao! Nikayaandika yote kwenye daftari.

“Wewe ulizamia wapi, mzee?”

“Nilikuwa nikishuka shimoni, duara namba nne, kule machimboni. Leo nimekuja kuwachimbia choo.”