Sili za Lori na Safari ya Msimbati

Wiki ya harusi yangu niliimaliza chini ya lori. Lilikuwa lori dogo la jeshi lililobaki baada ya vita, mali ya Mhindi mmoja mwenye duka la nguo Mikindani, nami ndiye nilikuwa fundi wake. Mchumba wangu alikuwa kwao Msimbati, na njia ya huko ilikuwa mchanga mtupu. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halikufika.

"Litengeneze, ukamchukue bibi harusi," tajiri aliniambia. "Likikushinda, mtarudi kwa miguu."

Ubovu ulikuwa kwenye gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwenda magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ilikuwa ikivuja oili kama mtungi uliopasuka. Sili mpya, pete za ngozi za kuzuia oili isivuje, zililetwa na meli, zikanikuta nimeshafungua kila kitu uani kwangu, Chuno.

Alhamisi asubuhi nikaanza kuirudisha, nikisaidiwa na dereva wa lori lile, Mmakua mmoja rafiki yangu, mtu wa maneno mengi. Tukaosha vyuma kwa petroli, tukakata gasketi ya kuziba maungio kutoka kwenye boksi la kanga, tukagongea sili mahali pake kwa kipande cha mti, taratibu. Yote yalikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye shafti, mhimili wenye meno unaopita katikati ya sili.

"Sukuma, bwana harusi," akasema. "Mke anangoja."

Nikasukuma. Tukafunga bolti, tukajaza oili, tukaenda kula muhogo. Tuliporudi, mchanga chini ya lori ulikuwa umelowa.

Nilikaa kitako nikaushika uso wangu kwa mikono ile ile ya oili. Dereva akachukua spana. Kisha akasema, "Ndugu yangu, tufungue. Kulia utalia kesho, mbele ya wakwe."

Tukafungua. Meno ya shafti yalikuwa yameukunja mdomo wa sili, ila haukuchanika. Niliutia kwenye oili ya moto, nikaunyoosha kwa kidole polepole mpaka ukakaa sawa. Nikayafunika meno kwa karatasi nyororo, ile inayofungiwa vitambaa dukani, nikaipaka grisi, nikaizungusha shafti huku nikiisukuma kidogo kidogo. Ikapita kama mtu anayeingia msikitini amechelewa. Nikaivuta karatasi, nikafunga tena. Tukajaza oili na kungoja. Jua lilipokuchwa, mchanga ulikuwa mkavu.

Ijumaa, baada ya sala, tukaondoka na wazee wangu nyuma, wamevaa kanzu, wameshikilia kofia zao. Mchanga ulipoanza nikavuta mkono wa gia, lori likatikisika, kisha likapanda bila kunung'unika. Shangazi yangu akapiga vigelegele akidhani tumefika.

Mikono yangu nilikuwa nimeisugua kwa majivu na ndimu, lakini weusi wa kucha haukutoka. Wakati wa kufunga ndoa, baba mkwe, mkulima wa mikorosho, alinishika mkono kama desturi inavyotaka, akautazama, akaunusa kidogo.

"Mkono huu unanuka gari," akasema.

"Ndiyo, baba."

Mjomba wa bibi harusi, aliyekuwa mkali tangu siku ya posa, akasogea naye kuutazama. Nilidhani sasa nimekwisha. "Muozeshe," akasema. "Mtu aliyefanya kazi mpaka jana, kesho hatakaa bure."

Baraza likacheka, ndoa ikafungwa.

Jioni nikaendesha kurudi, mke wangu amekaa katikati, shangazi upande wa mlango. Mke wangu akaitazama mikono yangu kwenye usukani. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani ulikuwa unatengeneza nini?"

Nikamweleza yote, sili, shafti, mdomo uliokunjika, bila kuruka hata bolti. Tulipofika Madimba alikuwa amelala begani kwangu, na shangazi akaniambia ninyamaze nisimwamshe.