Mdundo wa Mchi

Nikipita kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Mingoyo, harufu ya pumba hunirudisha uani kwa Mama.

Mama alikuwa amekaa eda ya baba, anatwanga mpunga uani, siku alipokuja mwanamke wa Kifaransa, mtunzi wa muziki, akamwomba amwimbie.

"Nimekaa eda, dada, siimbi," Mama alisema. "Nikitoka, njoo nikuimbie mpaka uchoke."

Mgeni akanasa mdundo wa mchi tu, kwa kinasa sauti chake.

Aliporudi, eda ilipokwisha, alikuwa na doti ya kanga mkononi. Shangazi alimpokea mlangoni: "Mwenyewe hatunaye tena, mgeni wetu. Tumeshamzika."

Mgeni akaketi barazani, akalia, kisha akawasha kinasa sauti chake. Mchi ukaanza kutwanga, taratibu, kama kawaida ya Mama.

Nikakimbilia uani.