Ndimu za Wifi

Enzi za Mwingereza kaka yangu alioa Tanga, akamleta mkewe kwetu Kikwe, chini ya Mlima Meru. Meno yake yalikuwa meupe pe! Sisi tuliokulia maji ya Meru, yetu ni ya kahawia. Wifi akicheka, roho iliniuma. Kila asubuhi alikunywa maji ya ndimu, nikajua siri ndiyo hiyo. Nami nikaanza, tena ndimu tupu, nikiishikilia mdomoni hadi machozi yananitoka. Ukahawia haukutoka ng'o. Ukali wa ndimu ulikula gamba la meno, hata maji ya baridi yakanishinda.

Miaka ikapita. Mwana wa wifi, mzaliwa wa Kikwe aliyekulia maji yetu, aling'oka meno ya utoto, yakaota mapya: ya kahawia! Mungu anisamehe, nilicheka. Upepo wa mlimani ukayapenya meno yangu, nikafumba mdomo.