Chura wa Deo

Nilikuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Deo mitatu, mwaka ule ambao mama alikuwa akishinda kwenye shamba la kijiji na kuniachia mimi nyumba. Zilikuwa siku za Ujamaa; zamu ya kulima ilikuwa zamu, uwe na mtoto mdogo au usiwe naye. Asubuhi moja niliinjika uji, kisha nikaanza kuruka kamba palepale karibu na mafiga. Kisigino changu kikagonga sufuria. Uji wote ukammwagikia Deo kifuani na miguuni.

Bibi, mama yake mama, alikuja mbio kutoka kwenye bustani ya kabichi.

"Nani kamwaga?"

"Kavuta sufuria mwenyewe, bibi."

Zahanati haikuwa na kitu ila ile dawa ya zambarau, na barabara ya kushuka Morogoro ilikuwa imekatwa na mvua. Bibi akageukia dawa aliyoijua. Kijijini kwetu tuliamini kwamba ngozi ya chura, ikichunwa na kubandikwa ikiwa mbichi, hufunga kidonda. Ila ilikuwa na sharti: chura akamatwe na mkono ule ule ulioleta jeraha.

Kwa hiyo Deo alibebwa hadi mferejini. Bibi akakishika kiganja chake kidogo na kukikandamiza juu ya chura, mmoja baada ya mwingine. Kilio alicholia mtoto yule sijawahi kukisikia tena, wala sikufungua mdomo.

Siku ya tatu ngozi alizombandika zilikuwa zimeoza. Bibi alizibandua moja moja, nyumba nzima ikinuka.

"Kuna mtu ananidanganya," alisema, bila kunitazama.

Nikamwambia. Hakunipiga. Alinipa kisu.

"Haya, nenda wewe."

Nilimkamata chura, nikamchuna huku nikitapika, nikaibandika ngozi kwenye goti la Deo. Hiyo ilishika. Lakini homa ilikwisha kumwingia. Siku ya sita, wanaume walipokuwa wakimshusha mjini kwa machela, alikata roho njiani.

Walipomwosha, bibi aliniita. Goti lilikuwa limeanza kufunga, ngozi mpya, nyororo. Sijui alitaka kunifariji au kuniadhibu.

Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu. Nimesoma kwamba ngozi ya chura kweli ina kitu kinachoua vijidudu. Najua pia kwamba goti lile liliungua kidogo tu, na kwamba kifua kile hata hospitali kubwa kingeishinda wakati ule. Nayajua yote hayo. Ninachoshindwa kukitua ni ile safari ya mferejini, ambayo mtoto aliyeungua alipelekwa kwa sababu ya maneno yangu.

Bibi hakumwambia mtu, akafa na siri hiyo. Mama yu hai, mzee sana. Juzi aliwasimulia wajukuu jinsi mjomba wao Deo alivyojivutia sufuria ya uji. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, namenya ndizi. Nikaendelea kumenya.